Namna ya kumzuru mtu wako Igoma kama hujui kaburi lake ni lipi

Mimi ni fundi cherehani wa Nyakato, hapa Mwanza, na kwetu ni Kamachumu, mkoani Kagera. Kila mwaka napigiwa simu na watu wa kwetu, wengine hata sura zao sizijui: "Dada, tunakuja Mwanza kwenye harusi, tukipata nafasi tungependa kupita kule Igoma, kwenye makaburi ya MV Bukoba. Tunafikaje?"

Kufika si kazi. Kazi ni ukishafika. Nimeona watu wazima wakishuka kwenye daladala na shada la maua la bei, wakaingia, wakasimama mbele ya safu za makaburi wasijue waliweke wapi. Mwisho wakaliegemeza kwenye mnara, wakapiga picha moja, wakaondoka. Dakika tano hazikuisha. Halafu wakirudi nyumbani mzee anauliza, "Mlimwona?" na hakuna wa kujibu. Hao ndio ninaowaandikia, kwa sababu mimi mwenyewe mara ya kwanza nilifanya hivyo hivyo, tena bila hata shada.

Kwa aliyezaliwa juzi: pale Igoma wamelala watu wa MV Bukoba, meli iliyozama Ziwa Victoria asubuhi ya Jumanne, 21 Mei 1996, ikitokea Bukoba na Kemondo kuja Mwanza. Meli yenyewe ilianza kazi mwaka 1979 na uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443. Yaani kabla hujagusa daraja la tatu, meli imeshajaa na kumwagika. Na daraja la tatu, ambako ndiko wanakopanda watu wengi, halikuwa na orodha kabisa. Walionusurika wanatajwa kuwa 114. Waliokufa, hesabu rasmi ilipita 800, na wapo wanaosema walikaribia 1,000. Ubishi huo hautaisha, maana huwezi kujua ni wangapi hawakushuka kama hukuandika ni wangapi walipanda. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo.

Baba yangu mdogo alikuwa daraja la tatu.

Anzia nyumbani, si stendi

Kabla hujakata tiketi ya kuja Mwanza, kaa na aliye mkubwa kuliko wote katika ukoo, uwe na daftari. Kurekodi kwa simu ni kuzuri pia, ila wazee wengine ukiwawekea simu karibu na mdomo wanaanza kuongea kama wanahutubia mkutano. Daftari halimtishi mtu.

Muulize alipandia wapi, Bukoba mjini au Kemondo. Daraja gani. Alivaa nini. Alibeba nini. Alifuatana na nani. Halafu uliza lile ambalo watu husahau: nani alikwenda Mwanza kumtafuta, na alirudi na neno gani?

Hilo la mwisho ndilo litakalokuongoza ukifika. Kwetu Kagera "alizikwa Igoma" limekuwa neno la kufungia maongezi, lakini ndani yake mna mambo matatu tofauti. Kuna ambaye mwili wake ulionekana, ukatambuliwa na ndugu, ukazikwa kwa jina lake. Kuna aliyezikwa pale bila kutambuliwa, na ndugu wanaamini tu kwamba ni mmoja wao. Na kuna ambaye hakutoka majini kabisa, yuko na meli mpaka leo. Ukija bila kujua mtu wako ni yupi kati ya hao, utazunguka pale ukisoma majina ya watu wa watu, na moyo utavunjika bure.

Sisi tulichukua miaka kulijua la kwetu. Baba mdogo alikuwa mfanyabiashara wa ndizi, mikungu ishirini au thelathini kila safari, anashusha Mwanza anarudi na mafuta ya taa na vitenge. Jumatatu ile, tarehe 20, aliendesha baiskeli mpaka Kemondo, akaiacha kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza chai bandarini, kama alivyozoea. Habari ya ajali ilitufikia kwa redio. Baba yangu akapanda lori, wakazunguka kwa barabara ya Biharamulo na Geita, barabara ya vumbi enzi zile, mpaka Busisi, na pale ilibidi avuke maji tena kwa kivuko ndipo afike Mwanza. Alisimulia hilo la kivuko zaidi ya mengine yote. Alisema alisimama katikati, amekishika chuma kwa mikono miwili, na hakutazama maji hata mara moja. Leo unavuka pale kwa daraja la karibu kilomita 3, lile la J.P. Magufuli lililofunguliwa Juni 2025, na usipoangalia unaweza kulipita umesinzia.

Miili ilikuwa ikilazwa Uwanja wa Nyamagana ili watu watambue wao. Baba alipita pale akitazama miguu tu, maana nyuso baada ya siku kadhaa majini hazikuwa za kutazamwa. Alikuwa anatafuta viatu vya ngozi ya kahawia vilivyoshonwa upya kwa uzi mweupe. Hakuviona. Na mazishi yalikuwa yameshaanza, miili isingeweza kungoja. Akarudi Kamachumu na neno moja: "Atakuwa amezikwa na wenzake."

Aliporudi alipitia Kemondo. Yule mama wa chai alikuwa bado ameiegemeza ile baiskeli ukutani, amelifunika tandiko kwa mfuko wa sukari ili lisilowe na mvua. Ndiyo orodha pekee ya abiria ambayo jina la baba mdogo lilikuwamo. Tafuta na wewe baiskeli yenu. Kila familia ina kitu: risiti, barua, mtu aliyemsindikiza, deni aliloliacha dukani. Liandike.

Siku ya kwenda

Tarehe 21 Mei kunakuwa na kumbukumbu: viongozi wa dini na wa serikali, mashada, hotuba. Nenda japo mara moja maishani, kwa sababu siku hiyo ndiyo utakutana na walionusurika na familia nyingine, na maneno mawili ya mtu aliyekuwamo mle yanazidi hotuba yoyote. Kaa karibu na wazee, si karibu na kamera.

Lakini kama unataka kukaa na mtu wako, chagua siku isiyo na jina. Mei mwenyewe ni mwezi mgumu: masika yanamalizika, nyasi ziko kiunoni, usipokuta zimefyekwa kwa ajili ya sherehe utashindwa hata kupita. Mimi huenda mwishoni mwa Juni au Julai. Ardhi imekauka, nyasi zimelegea, na mahali pote ni kimya. Fika saa moja au saa mbili asubuhi. Jua la Mwanza halina huruma kuanzia saa nne, na kufyeka juani ukiwa na majonzi ni njia ya kuanguka.

Vya kubeba: fyekeo, au panga kama huna fyekeo. Glavu, hata zile za kufulia. Maji lita tano, nusu ya kunywa na nusu ya kuoshea. Brashi ya kusugulia na kitambaa kikuukuu. Kanga ya kukalia. Viatu vya kufunika miguu, na hili nalisisitiza kwa dada zangu wanaokuja na viatu vya harusini: pale kuna mbigili. Usibebe jembe. Jembe makaburini linaleta maswali, na maswali hayo ni ya haki.

Maua ya plastiki, nakuomba, yaache dukani. Mwaka wa kwanza yanapauka, wa pili yanakuwa takataka, wa tatu yanazibwa na nyasi na kumkwaza mwenye fyekeo. Chuma maua yoyote yaliyopo uani kwako. Yatanyauka kesho, na ndivyo maua yanavyotakiwa.

Njia

Ukitoka Kagera kwa basi utashukia Nyegezi. Panda daladala ya mjini, kisha ubadili. Ukishukia bandarini tayari uko mjini. Kutoka mjini panda daladala inayokwenda Igoma, au ya Kisesa ambayo inapita hapo. Ni barabara ya Musoma: utapita Mabatini, Buzuruga, Nyakato kwetu, hadi Igoma. Mwambie kondakta mapema, na usimwambie "mnara wa kumbukumbu", atakutazama. Mwambie "makaburi ya MV Bukoba". Ukishuka uliza mtu mzima, si kijana wa bodaboda. Kijana wa bodaboda amezaliwa baada ya ajali, na nimewahi kupelekwa makaburi mengine kabisa, tukalipana na kugombana mbele ya msiba wa watu.

Ukishaingia

Simama kwanza. Usianze kufyeka, usianze kupiga picha. Wengi huwa na haraka kwa sababu wanaogopa kulia mbele ya wapita njia, maana pale mji umesogea kabisa, kuna watu wanaendelea na mambo yao, redio inalia mahali, mtoto anakimbiza tairi. Mara ya kwanza iliniudhi sana. Nilikuwa nimekuja na kilio cha miaka kumi na kitu, nikakuta jirani anaanika nguo. Siku hizi haiudhi. Baba mdogo alikuwa mtu wa gulio. Kimya cha makanisani hakikumfaa.

Ukikuta mtu anafyeka au analinda, msalimie kwanza kabla hujasalimia makaburi. "Shikamoo mzee, poleni na kazi." Mwambie umetoka wapi na umemfuata nani. Hatakuonyesha kaburi, hajui, lakini kuanzia hapo wewe si mpita njia.

Sasa, mahali pa kusimama. Kama mtu wako ana kaburi lenye jina, nenda ukasafishe, sina la kukufundisha. Kama hana, usichague kaburi moja ukasema "hili ndilo". Najua kishawishi hicho. Baba yangu alilichagua moja mwaka 1999, la tatu kutoka kwenye njia, akaliwekea jiwe, akawa analisafisha kila akija. Mwaka mmoja akakuta familia kutoka Muleba imelikalia hilo hilo, nao wana jiwe lao, na wana hakika kuliko yeye. Wakaanza kubishana kwa Kiswahili, hasira zikapanda wakahamia Kihaya, hadi mama mmoja mzee wa upande wa pili akauliza, "Waitu, mwanangu, mtu wako alikuwa na miaka mingapi?" Baba akajibu ishirini na saba. Yule mama akasema, "Wangu kumi na tisa." Wakakaa chini wote. Baba alikuwa akilirudia hilo mpaka alipofariki, na kila mara alimalizia kwa kusema kwamba walimaliza kulisafisha pamoja.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: chagua safu, usichague kaburi. Safisha makaburi matano au sita mfululizo, uanze na lililo chafu zaidi. Katika hayo sita huenda wako yumo, huenda hayumo. Kama hayumo, kuna mtu wa Nshamba au wa Kanyigo anasafisha safu nyingine ambayo wako yumo, na hamtajuana kamwe. Mwaka unaofuata sogea safu ya pili.

Fyeka ukianzia miguuni kuelekea kichwani. Usipige fyekeo karibu na saruji, linatoa cheche na linavunja kingo zilizokwisha choka. Karibu na kaburi ng'oa kwa mkono. Mimea yenye mizizi minene usiivute kwa nguvu, itainuka na saruji; ikate usawa wa ardhi. Kama kuna maandishi, yaoshe kwa maji na brashi laini tu, bila sabuni ya unga, na usiyapake rangi upya kwa kubahatisha herufi. Nimeona mtu akimgeuza marehemu jina kwa nia njema kabisa.

Sala pia ina adabu yake. Mle walipanda Wakristo na Waislamu, wakazikwa pamoja. Usichomeke msalaba kwenye kaburi la asiyejulikana. Ukisali, sali kwa dini yako, kwa sauti ya kwako, halafu nyamaza kidogo kwa ajili ya yule ambaye angetaka Fatiha. Tulipokwenda na jirani yangu Mwislamu wa Nyakato, mimi nilisali Baba Yetu, yeye akasoma yake, na hatukujadili.

Kisha kaa kwenye kanga yako na usome ulichoandika daftarini. Soma kwa sauti: jina, kijiji, alipandia wapi, alibeba nini. Hapo ndipo wengi wanapoachia kilio, na hapo ndipo pa kuachia. Nilisoma "mikungu ishirini na mbili na mfuko wa maharage wa mama Kemondo" na sikuweza kuendelea.

Picha piga moja, ya mnara, ya kuwapelekea wazee. Usipige makaburi ya watu yenye majina ukayatupia mtandaoni. Wenyewe wapo, na wanayaona.

Ukija na watoto

Watoto watauliza kwa nini ilizama. Ukiwajibu "mapenzi ya Mungu" umewanyima kitu. Mimi huwaandalia beseni nyumbani siku moja kabla, na nakushauri ufanye hivyo, hata wewe mtu mzima utaelewa zaidi kuliko kwa kusoma.

Chukua kopo refu la plastiki lenye mfuniko. Weka kokoto chini ndani, lifunge, liweke kwenye beseni la maji. Litasimama. Lisukume kwa kidole: litalala kidogo kisha litarudi. Sasa zitoe kokoto, lifunge tena tupu, uzipange juu ya mfuniko uzifunge kwa mpira. Lisukume. Halirudi. Ni kokoto zile zile, uzito ule ule. Kilichobadilika ni zilipokaa. Meli ina matangi ya maji chini tumboni ili iwe nzito miguuni. Ukiijaza watu na mizigo juu kuliko inavyostahili, inakuwa nzito kichwani, na hapo hata kukata kona kidogo kunatosha.

La pili ni gumu kwa moyo, lakini watoto wakubwa waonyeshe. Chukua kikombe cha plastiki, kibandike karatasi kavu ndani chini, kigeuze mdomo chini, ukizamishe wima kwenye maji. Karatasi haitalowa, kwa sababu hewa imebaki ndani. MV Bukoba ilipopinduka haikuzama mara moja. Ilielea tumbo juu kwa sababu ya hewa hiyo, na ndani walikuwamo watu hai. Waokoaji, kwa kutaka kuwatoa, walitoboa chuma. Mtoto wa dada yangu, wakati huo ana miaka kumi na mmoja, alichukua sindano ya cherehani yangu akatoboa kitako cha kile kikombe yeye mwenyewe, akasikiliza hewa ikitoka, akatazama maji yakipanda hadi kwenye karatasi. Hakusema kitu. Jioni aliniuliza kama waliotoboa walikuwa wabaya. Nikamwambia hapana, walikuwa hawana vifaa wala mtu aliyewafundisha. Wapiga mbizi kutoka Afrika Kusini walikuja, lakini kwa kutoa miili.

Kisha waambie na hili, ili wasilale na hilo la kikombe peke yake: MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, fundi mitambo wake alitolewa akiwa hai siku mbili baadaye, amejibana palipokuwa na hewa. Watu zaidi ya 220 walikufa siku ile, na baadhi yao wamezikwa pale pale Bwisya, Ukara. Kama una wako huko, karibu yote niliyoyaandika hapa yatakufaa, ila beba maji zaidi.

Watoto wakubwa wakitafuta habari za MV Bukoba kwenye intaneti kwa Kiingereza, kabla hawajakutana na mtu yeyote wa Kagera watakutana na Abu Ubaidah al-Banshiri, kamanda wa al-Qaeda aliyezama nayo. Waandae. Waambie ndiyo, alikuwamo, na alikuwamo pia baba mdogo na ndizi zake.

Ukitoka Igoma

Usiende moja kwa moja harusini. Pita Nyamagana, uwanja uko mjini kabisa, simama nje dakika chache. Vijana watakuwa wanacheza mpira. Baba yangu hakuwahi kupita mtaa ule tena, mimi hupita kwa niaba yake.

Na kama bado una nguvu, rudi Kagera kwa meli. Najua familia nyingi zimeapa. Yetu pia iliapa, tangu 1996 hadi MV Victoria iliporudishwa kazini mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa, hakuna wa kwetu aliyekanyaga meli. Si lazima uwe shujaa. Lakini ukiamua, nunua tiketi mapema, uwe na kitambulisho, na hakikisha jina lako limeandikwa kama lilivyo, herufi kwa herufi. Karani akikuharakisha, mwambie arudie kukusomea. Kwa mtu wa Kagera hiyo si kero ya karani.

Nilipanda mimi mwaka 2021, kwa sababu ya bibi. Sisi Wahaya tunazika kibanjani, kwenye migomba, mtu analala alipolima. Bibi hakuwahi kukubali kwamba mwanawe analala kwenye ardhi ya watu. Miaka yote ile alikuwa ameacha nafasi kati ya kaburi la babu na ukingo wa kibanja, hapandi hata maharage pale. Akaniambia, wewe unayekaa huko, niletee udongo.

Ukiagizwa hivyo, omba ruhusa kwa anayetunza mahali. Usichote juu ya kaburi. Chota kando ya njia, penye miguu ya wote. Kiganja kimoja kinatosha. Usitie kwenye mfuko wa plastiki, unatoka jasho na udongo unaoza. Mimi nilitia kwenye kopo la maziwa ya unga, nikalifunga kwa kitambaa nilichokipinda ukingo kwa cherehani.

Meli iliondoka usiku. Nilikaa macho, kopo mapajani, nikihesabu taa za Mwanza mpaka zikaisha. Asubuhi nikashuka Kemondo, nikapanda bodaboda hadi nyumbani. Bibi alikuwa ameketi mlangoni tangu alfajiri. Alilipokea kopo kwa mikono miwili, akalipima uzito kama anavyopima kahawa, akauliza:

"Alikuja daraja gani?"

Nikamwambia, la pili, bibi. Akatikisa kichwa, akaniambia nimshike mkono twende migombani, na kopo nilifungulie huko huko, taratibu, maana palikuwa na upepo.